Kopo tupu si ushahidi

*Shikamoo mfamasia. Nina presha. Nimeingia kwenye utafiti wa kukumbushwa dawa kwa simu, lakini kura imeniangusha kundi lisilotumiwa ujumbe. Nimeonewa? (Mama wa Igoma)*

Marahaba. Hujaonewa. Dawa unapata kama kawaida, ulichokosa ni ujumbe tu, na ingekuwa inajulikana tayari kwamba ujumbe huo una faida kwa wenye presha, utafiti usingefanyika. Utaniuliza: kwa nini kura? Si wawalinganishe tu wanaomeza na wasiomeza? Wamarekani walipata jibu la hilo mwaka 1980. Katika utafiti wa wanaume waliowahi kupata mshtuko wa moyo, wengine walipewa vidonge visivyo na dawa ndani. Waliovimeza vizuri, asilimia 80 au zaidi ya dozi, walikufa takriban asilimia 15 ndani ya miaka mitano. Waliovimeza ovyo, asilimia 28. Na kidonge ni kilekile kitupu! Maana yake anayefuata dawa vizuri ana mengine yanayomlinda, labda chakula, labda mtu wa kumtazama nyumbani. Kura inawachanganya wa aina zote kwenye kila kundi.

Soma fomu ya ridhaa, na ujue unaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Anayekuharakisha kusaini, mwachie kalamu yake.

*Presha imeshuka, sasa ni 120 kwa 80. Niache dawa? (Nyegezi)*

Hapana. Ni dawa iliyoishusha. Swali hili sitalijibu tena mwaka huu.

*Mwanangu kanitegea kengele ya dawa kwenye simu, kila siku inalia. Inanikera. Inasaidia kweli? (Pasiansi)*

Kama inakukera, siku si nyingi utaizima. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Chulaimbo upande wa Kisumu, Kenya, watu 431 walioanza ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, walifuatiliwa wiki 48, na matokeo yakatoka 2011. Waliotumiwa ujumbe mara moja kwa wiki, asilimia 53 walifikisha ufuasi wa asilimia 90, yaani dozi 90 katika kila 100. Wasiotumiwa kitu, asilimia 40. Waliotumiwa kila siku? Hawakuonyesha nafuu yoyote kuliko wasiotumiwa.

Mwaka mmoja kabla yake, Kenya hiyohiyo, yalitoka matokeo ya utafiti mwingine wa watu wa ARV ambao wauguzi walituma neno moja kila wiki: "Mambo?" Mgonjwa anajibu "Sawa" au "Shida". Aliyejibu shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu. Virusi vilifubaa kwa watu 57 katika kila 100 waliotumiwa, dhidi ya 48 katika kila 100 wasiotumiwa. Sasa tazama: hawakuuliza "Umemeza?" Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu wa kliniki. Tunafoka, tunaandika "mkaidi" kwenye faili, na mgonjwa amekosa nauli ya kivuko tu. Kengele haimlipii mtu nauli.

*Naweza kumgawia jirani vidonge vyangu vya presha, naye anaumwa kichwa? (Buhongwa)*

Kichwa si presha mpaka kipimo kiseme. Usigawe.

*Nesi ananihesabia vidonge kila nikienda, kama mwizi. Ni lazima? (Ilemela)*

Hesabu inatumika sana, hata kwenye tafiti, na ni kipimo dhaifu. Huko Chulaimbo walitumia kifuniko cha chupa chenye chipu inayorekodi kila kinapofunguliwa, lakini kufungua si kumeza.

Nilikaa dirisha la dawa miaka mingi. Mzee mmoja alinikabidhi kopo lenye vidonge viwili hasa, kama hesabu yangu ilivyotaka. Nikampongeza mbele ya foleni. Presha yake ilikuwa 190 kwa 110. Mkewe, kimya muda wote kwenye benchi, akafungua fundo la kanga, vikamwagika vidonge 17. "Nimevitoa kwenye buti lake la mvua." Buti lenyewe lilikuwa halimwingii tena, maana dawa ile ilimvimbisha miguu na aliona haya kusema. Daktari akambadilishia. Mimi nilihesabu vizuri sana, nikasahau kuuliza.

*Usiku wa giza tuko kwenye dagaa, wa mbalamwezi tuko nyumbani. Amlodipine yangu ya presha nimeze saa ngapi? (Mvuvi, Ukara)*

Hatimaye swali! Ndugu yangu, dawa hiyo inakaa mwilini muda mrefu, hivyo asubuhi au jioni ni sawa mradi saa isihamehame. Shika saa ya uji wa asubuhi, mkisharudi na dagaa, maana uji unanywa hata kwenye mbalamwezi. Na kopo libaki kambini. Bahasha ya karatasi ndani ya mtumbwi unaovuja nayo inageuka uji.