Nilichojifunza Nilipotafuta Kazi kwa Flutter

Nilianza kujifunza Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu, mwaka 2019, miezi michache baada ya Google kutoa toleo lake la 1.0 Desemba 2018, nikiwa nimeshaandika programu za Android kwa Java kwa miaka minne. Niliamini kwamba, kwa kuwa walioijua hapa Dar es Salaam walikuwa wachache, waajiri wangenigombania. Haikuwa hivyo.

Flutter humwezesha mtu mmoja kuandika msimbo mmoja unaotumika kwenye Android na iPhone. Kwa kampuni ndogo hiyo ni nafuu kubwa, maana kazi iliyohitaji watu wawili sasa hufanywa na mmoja. Lakini sifa hiyohiyo inayomvutia mwajiri ndiyo inayopunguza nafasi. (Wateja wengi hapa wanatumia Android, ila bosi anayeidhinisha malipo mara nyingi ana iPhone mkononi, naye hutaka kuiona kazi kwenye simu yake.)

Katika usaili wangu wa kwanza nilikwama kwenye swali ambalo halikuihusu Flutter hata kidogo: mteja amelipa kwa simu, mtandao umekatika kabla jibu halijarudi, naye akabonyeza tena, utafanyaje asikatwe pesa mara mbili? Nilibabaika. Jibu nililipata nyumbani usiku ule: programu huupa kila muamala namba yake ya pekee kabla ya kuutuma, na ombi la pili likifika na namba ileile, seva hurudisha jibu la mwanzo badala ya kukata upya.

Kwa hiyo anayeniuliza leo kama ajifunze Flutter, mimi humwambia ajifunze, ila asiishie kupanga vitufe na rangi. Atengeneze programu moja inayopokea malipo na kuvumilia mtandao mbovu, kisha aijaribu kwenye simu ya bei nafuu, kwa sababu programu za Flutter hubeba injini yake ndani, zikawa nzito kuliko zilizoandikwa kwa Kotlin pekee, lugha ya kuandikia programu za Android moja kwa moja, na mwenye bando la kuhesabu huzifuta mapema. Kotlin yenyewe asiitupe. Siku printa ya risiti itakapogoma kuunganishwa, ataihitaji.

Mimi nilitengeneza ya kutunza michango ya kikoba cha mama yangu. Kwenye usaili uliofuata msaili aliichukua simu yangu, akazima data katikati ya muamala, akaiwasha, akabonyeza tena. Salio lilipungua mara moja tu, naye akaniuliza ningeweza kuanza lini.