Kazi ya uhusiano wa umma: sehemu kubwa hufanyika kabla hujafungua mdomo

Mkuu, umeuliza kama kazi ya uhusiano wa umma itakufaa kwa kuwa wewe ni mchangamfu, unapenda watu, na husiti kusimama mbele ya kadamnasi. Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi, kwanza kwenye wakala unaohudumia wateja wa kila aina, baadaye ndani ya taasisi moja kubwa, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona. Uchangamfu utakusaidia, lakini si huo utakaokulipa mshahara. Muda wako mwingi utakwenda kwenye kuandika, kusoma, na kuwauliza wenzako maswali wasiyopenda kuulizwa.

Asubuhi unapitia magazeti, redio na mitandao ya kijamii kuona nani kasema nini kuhusu taasisi yako, halafu unawaandalia wakubwa muhtasari kabla hawajaingia kikao cha kwanza. Baada ya hapo ni kuandika tu: taarifa kwa vyombo vya habari, hotuba ya mkurugenzi, jibu kwa mteja aliyelalamika hadharani, maelezo ya picha, tangazo la wafanyakazi. Rasimu yako itapita kwa mkuu wa idara, kwa mwanasheria, kwa watu wa fedha, na kila mmoja ataongeza neno lake na kufuta lako. Ikikurudia haisomeki. Kuifanya isomeke tena na mtu wa kawaida, huku mwanasheria naye akiridhika, ni ufundi unaoupata kwa kukaa na kalamu tu. Kama hupendi kuandika, nakuambia mapema, utateseka.

Kuhusu waandishi wa habari, wengi hudhani siri ni urafiki. Mwandishi anahitaji jibu kabla gazeti halijafungwa, takwimu zilizo sahihi, na mtu wa kumnukuu. Mpe hayo mara kwa mara, na hata siku akishika habari mbaya juu yenu atakupigia kwanza kusikia upande wako. Kama jibu huna, mwambie huna, mwahidi saa, na saa hiyo mpigie hata kama bado huna. Uongo mmoja tu ukigundulika, chumba kizima cha habari kitajua. Hili si jipya. Mwaka 1906 Ivy Lee, mmoja wa waanzilishi wa kazi hii Marekani, aliwatumia wahariri tamko la kuwaahidi habari sahihi na msaada kwa yeyote anayetaka kuzihakiki. Miaka michache baadaye, kwenye mgogoro wa migodi ya makaa ya mawe ya Colorado, akiwa analipwa na familia tajiri ya Rockefeller, iliyokuwa na hisa kubwa kwenye migodi hiyo, alisambaza taarifa zenye takwimu za uongo kuhusu malipo ya viongozi wa chama cha wafanyakazi. Doa hilo halijamtoka hadi leo, na tamko lake lote halikumwokoa.

Sasa nije kwenye kiini cha kazi, ambacho mtu wa nje hakioni: kupata ukweli kutoka kwa watu wako mwenyewe. Nilipokuwa kwenye taasisi ile, mfumo wa malipo uliwahi kukwama na wateja wakawa hawaoni fedha zao kwenye akaunti. Agizo lililotoka juu lilikuwa tuseme kuna hitilafu ndogo na kwamba hali imedhibitiwa. Nikawafuata mafundi wa mifumo nikawauliza: fedha zipo? Walioathirika ni wangapi? Itatengemaa saa ngapi? Walikuwa na uhakika wa jambo moja tu, kwamba kumbukumbu za miamala zote zilikuwa salama. Basi nikaandika hilo, nikaongeza kwamba muda wa kutengemaa bado haujajulikana, na nikataja saa ambayo tungetoa taarifa nyingine. Kumshawishi mkubwa aikubali taarifa hiyo kulichukua muda mrefu kuliko kuiandika. Hoja iliyompata ilikuwa hii: ukisema hali imedhibitiwa na jioni bado haijatengemaa, kesho hawatauliza tena juu ya mfumo, watauliza kwa nini mkurugenzi amedanganya.

Ndiyo maana huwa nawapinga wanaofundisha kisa cha Tylenol, dawa ya kutuliza maumivu, kana kwamba ni ushindi wa maneno. Mwaka 1982, katika eneo la Chicago, watu saba walikufa baada ya kumeza vidonge ambavyo mtu asiyejulikana alivitia sumu ya sayanidi. Johnson & Johnson waliwaambia wananchi waache kuvitumia, wakaondoa sokoni chupa takriban milioni 31, hasara ya zaidi ya dola milioni 100, kisha wakarudi na vifungashio vinavyoonyesha wazi kama kuna mtu aliyevichezea. Taarifa zao zilikuwa nzuri kwa sababu kulikuwa na kitendo cha kuelezwa. Afisa uhusiano anayeitwa chumbani baada ya uamuzi kupitishwa hana la kufanya ila kupaka rangi. Kwa hiyo ukienda kwenye usaili, uliza: mtu wa cheo hiki huwa anaingia kwenye vikao vya maamuzi, au huletewa maamuzi? Jibu lao litakueleza kazi unayoiendea kuliko tangazo lote la ajira.

Utapimwa pia. Wakubwa hupenda kuambiwa kwamba habari ya nusu ukurasa ingegharimu kiasi fulani kama ingekuwa tangazo la kulipia. Tangu 2010 wataalamu wa upimaji walipokubaliana huko Barcelona, hesabu hiyo haihesabiwi kuwa kipimo cha kazi yetu, ila jiandae, bado utaiona kwenye ripoti.

Na itakuja siku utaombwa kufanya usichopaswa kufanya. Bell Pottinger ya London ilikuwa kampuni kubwa ya uhusiano wa umma yenye wateja wazito. Mwaka 2017 ilifukuzwa kwenye chama cha wanataaluma cha Uingereza kwa kampeni iliyochochea chuki za rangi Afrika Kusini, na katika muda wa siku chache ikaanguka. Kampeni kama ile haijiendeshi yenyewe. Kuna vijana waliokaa mezani wakaiandika. Jua mapema ni nini utakachokataa, na weka akiba ya kukuwezesha kukataa.

Ukitaka kujijaribu kabla ya kulipa ada ya chuo, chukua taarifa yoyote ya taasisi iliyopatwa na balaa, iandike upya kwa maneno mia mbili bila kuongeza usichokijua, halafu msomee mtu asiyehusika na umsikilize anauliza nini. Ukiimaliza, iweke hapa nami nitaisoma.