Jibu: Kwa nini Marekani iliibana 23andMe?

Mkuu, umeuliza kwa nini serikali ikuzuie kupima mate yako mwenyewe kwa pesa yako. Haikumzuia mtu kujijua. Novemba 2013 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliitaka 23andMe, kampuni ya kupima vinasaba kwa mate, iache kuuza kipimo chake cha dola 99 kwa sababu kilinadiwa kuwa kinaonyesha hatari ya maradhi, bila ushahidi wa kutosha kwamba majibu ni sahihi. Mwanamke akiambiwa kimakosa kwamba yumo hatarini kupata saratani ya matiti, anaweza kukimbilia kisu cha upasuaji. Akiambiwa yu salama, anaacha uchunguzi.

Hilo la pili ndilo linalonitisha zaidi. Mwaka 2018 kampuni hiyo iliruhusiwa kutoa majibu ya jeni za BRCA, ambazo zikiharibika huongeza hatari ya saratani ya matiti, ila kwa mabadiliko matatu tu, yanayopatikana zaidi kwa Wayahudi wa Ashkenazi, wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, wakati yanayojulikana yanazidi elfu moja. Sasa mama wa Kimakonde akipewa jibu "hayajaonekana", amejua nini? Karibu hakuna.

Hoja ya haki yako siipuuzi. Lakini kuna na faragha: sheria ya Marekani ya GINA ya 2008 inazuia bima ya afya na waajiri kumbagua mtu kwa vinasaba vyake, bima ya maisha haimo. Halafu 2023 wadukuzi walifikia taarifa za wateja wa 23andMe wapatao milioni 6.9. Nywila utabadilisha, vinasaba je? Tena unavichangia na ndugu ambao hawakutema mate popote.

Kama majibu unayo tayari, usiamue lolote kabla ya kurudia kipimo hospitali.