Duka limekutwa na pombe feki na halmashauri inataka kupitia leseni: la kufanya

Natunza hesabu za maduka madogo hapa Uingereza, yale ya kona yanayouza mkate, maziwa, vocha za simu na pombe. Wengi wa wateja wangu ni Watanzania, Wakenya na Wakongo, na wapo pia wazee wawili watatu wa Kihindi wa Leicester, waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, ambao Kiswahili chao kinanoga kuliko cha watoto wangu. Mimi si mwanasheria. Ila duka likikutwa na mali feki kitu cha kwanza kuulizwa ni ankara, na ankara ziko kwangu, ndiyo maana huwa naitwa kwenye vikao vya leseni kukaa pembeni ya mwenye duka na faili mapajani. Ninayoandika hapa yanahusu England na Wales. Scotland wana sheria yao.

Kitu ambacho karibu kila mtu anakielewa vibaya ni hiki: kikao cha kupitia leseni si kesi ya jinai. Kinaendeshwa chini ya Sheria ya Leseni ya mwaka 2003, mbele ya madiwani watatu, na madiwani hao hawaulizi kama una hatia. Wanauliza kama duka hili, likiendelea kuuza pombe mikononi mwako, litasaidia au litaharibu malengo manne ya sheria hiyo: kuzuia uhalifu na fujo, usalama wa watu, kuzuia kero, na kulinda watoto. Hawahitaji kusubiri mahakama ikutie hatiani kwanza. Hilo Mahakama Kuu ililisema wazi mwaka 2016 katika shauri la halmashauri ya East Lindsey. Na mwongozo wa serikali wanaoufuata unasema duka likitumika kuuza au kuhifadhi pombe na tumbaku ya magendo, kufutwa kwa leseni kufikiriwe kwa uzito hata kama ni mara ya kwanza.

Kwa hiyo ule utetezi tunaoukimbilia wote, "sikujua", haukusaidii kama unavyodhani. Niliwahi kubishana na mzee mmoja juu ya hilo jioni kabla ya kikao chake.

"Mwanangu, mimi nitawaambia ukweli. Yule kijana alileta kreti, nikanunua. Sikujua kama ni feki."

"Sawa mzee, lakini ukisema ulijua, watakuona mhalifu. Ukisema hukujua, watakuuliza nani anaendesha duka."

"Sasa niseme nini?"

"Sema nani atakuwa ananunua kuanzia kesho, na ananunua wapi."

Hapo ndipo penye mambo. Leseni inaokolewa na yale unayoweza kuonyesha kuhusu miezi inayokuja. Jinsi ulivyodanganywa mwezi uliopita haiwapi madiwani sababu ya kukuamini, hata kama ni kweli tupu.

Isitoshe, kwa pombe kali ni vigumu sana kumshawishi mtu kwamba hukujua, kwa sababu hesabu ni rahisi. Chukua vodka ya sentilita 70 yenye nguvu ya asilimia 37.5. Ndani yake kuna lita 0.2625 ya kileo halisi. Kwa kiwango kilichoanza Februari 2025, ushuru ulikuwa pauni 32.79 kwa kila lita ya kileo halisi, kwa hiyo chupa hiyo ilidaiwa pauni 8.61 kabla hujaweka kinywaji, chupa, lebo wala faida ya mtu yeyote. Ongeza VAT ya asilimia 20 juu ya ushuru huo peke yake, unapata pauni 10.33. Mtu anayekuletea kwa pauni 7 dukani hajakupunguzia bei. Afisa atawasomea madiwani hesabu hii, na ukisikiliza utaona wanavyoinua macho kukutazama.

Sisi tuliotoka nyumbani tumezoea kutazama stempu ya TRA au KRA kwenye kifuniko na kuridhika. Hapa stempu ya ushuru kwenye pombe kali ilikuwepo tangu 2006, ila ilifutwa tarehe 1 Mei 2025. Kwa hiyo sasa unaangalia mambo mengine: lebo iliyopinda, maneno yaliyokosewa herufi, vinywaji visivyolingana kimo kwenye chupa za kreti moja, namba ya bechi inayofanana katika kila chupa uliyowahi kuletewa, harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Na usidhani ni pombe kali tu. Mwaka 2021 mvinyo bandia wa Yellow Tail uliingia kwenye maduka madogo ya hapa, na ni mvinyo wa bei ya kawaida kabisa ambao hakuna mtu angefikiri anaweza kujisumbua kuuiga.

Kama bado unaona ni suala la kodi tu, kumbuka Boston, Lincolnshire, Julai 2011: wanaume watano walikufa kwa mlipuko kwenye karakana iliyokuwa ikitengeneza vodka haramu. Ndani ya pombe za namna hiyo hukutwa methanoli na kemikali za viwandani. Watu wa kwetu wanaojua habari za gongo na chang'aa zilizopofusha watu hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sigara zina dalili zake. Pakiti halali ni ya kijani iliyofifia, ina sigara zisizopungua 20, na tumbaku ya kusokota haiuzwi chini ya gramu 30. Sigara za mentholi zimepigwa marufuku tangu Mei 2020. Pakiti yenye rangi nzuri ya nembo na maandishi ya kigeni inaweza kuwa si feki, imetengenezwa na kampuni yenyewe, lakini haikulipiwa ushuru hapa, na mbele ya kamati tofauti hiyo haina maana. Hili linagusa pia Konyagi ya kwenye begi. Najua mnaipenda, na mimi naipenda. Msafiri anaruhusiwa kuingia na lita 4 za pombe kali kwa matumizi yake mwenyewe. Akikuachia chupa mbili ukaziweka kwenye rafu, zimekuwa magendo, na kifungu cha 144 cha Sheria ya Leseni kinasema kuweka bidhaa za magendo kwenye jengo lenye leseni ni kosa. Kosa hilo linaweza kumkamata pia mfanyakazi mwenye mamlaka ya kuzuia, kwa hiyo kijana wako wa kaunta asidhani yeye hayumo.

Sasa barua imefika. Ombi la mapitio mara nyingi linaletwa na Trading Standards, wale maofisa wa halmashauri wanaokagua biashara, au polisi. Halmashauri itabandika tangazo dukani, na kuanzia hapo zinahesabiwa siku 28 ambazo yeyote anaweza kuandika maoni yake: majirani, idara nyingine, hata wateja wanaokuunga mkono. Kikao kinafuata ndani ya siku 20 za kazi baada ya hapo. Usibandue tangazo. Najua linatia aibu mlangoni, lakini kulibandua ni kuwaongezea ukurasa kwenye ripoti.

Ripoti yenyewe isome yote. Maofisa wakishaingia dukani hawaangalii chupa tu. Utakuta humo kamera ambazo hazikuwa zikirekodi, daftari la wateja waliokataliwa pombe likiwa tupu, mtoto aliyetumwa na maofisa kujaribu kununua bia akauziwa, mfanyakazi asiye na kibali. Wizara ya Mambo ya Ndani nayo ina sauti kwenye leseni tangu Aprili 2017, na mambo ya vibali inayafuatilia. Mwenye duka anayejiandaa kujibu habari za vodka pekee anaduwaa kikaoni. Jibu kila kitu, hata kwa sentensi moja.

Zile siku 28 zitumie kwenye manunuzi. Kaa na ankara zako zote za pombe, uzipange kwa muuzaji na kwa tarehe. Muuzaji wa jumla wa pombe lazima awe amesajiliwa na HMRC, mamlaka ya kodi ya hapa, na namba yake iwe kwenye ankara. Tangu Aprili 2017 ni kosa kwa mwenye duka kununua kwa asiyesajiliwa. Namba hiyo inakaguliwa mtandaoni bure. Ikague, chapa ukurasa wa majibu, ubandike nyuma ya ankara. Kisha ingia stoo. Chupa yoyote isiyo na ankara iondoe kwenye mauzo, uwaandikie Trading Standards waje waichukue. Usiimwage chooni, maana umeharibu ushahidi na hakuna atakayeamini ulichomwaga.

Baada ya hapo andika masharti unayojitolea kuwekewa, kwa lugha ya kukubana kweli. Mfano: pombe na tumbaku vinunuliwe kwa wauzaji wa jumla waliosajiliwa tu; hakuna kununua chochote kwa mtu anayekuja mlangoni; ankara zibaki dukani miezi 12 na zionyeshwe kwa afisa akizitaka; anayenunua ni mtu mmoja aliyetajwa. Madiwani wanapenda sharti ambalo afisa anaweza kuja kulikagua Jumanne asubuhi. "Tutakuwa waangalifu zaidi" si sharti. Peleka karatasi zako mapema, kwa sababu ukizitoa siku ya kikao zitapokelewa tu kama pande zote zimekubali. Orodha ya sahihi za wateja haina uzito mkubwa. Barua mbili za majirani wanaoeleza wanachokiona kwa macho yao zinafaa zaidi.

Kuna njia moja ya mkato ambayo naiona kila mara na nawaomba muiache: kuhamishia leseni kwa mke, kaka au shemeji katikati ya mapitio. Ada yake ni pauni 23 na uhamisho unaweza kuanza kufanya kazi mara moja, kwa hiyo inavutia. Lakini madiwani wameiona sana. Watauliza nani alilipia duka, mkataba wa pango uko kwa jina la nani, benki nani anatia sahihi, na shemeji atababaika kwa sababu hajawahi kuagiza hata kreti moja ya soda. Polisi nao wana haki ya kuupinga uhamisho. Kama tatizo ni msimamizi aliyetajwa kwenye leseni, badilisha msimamizi kwa uwazi, mlete aliyesoma na mwenye leseni binafsi ya kuuza pombe, na useme yule wa zamani anafanya kazi gani sasa.

Upelelezi wa jinai ukiwa bado unaendelea, muone wakili kabla hujafungua mdomo kikaoni. Chini ya sheria ya alama za biashara ya 1994 kuuza mali feki kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 10, na utakayoyasema mbele ya kamati yanaandikwa. Hapa usiniulize mimi wala rafiki yako aliyewahi kushinda kesi yake ya trafiki.

Kikaoni penyewe pana utulivu kuliko unavyotarajia. Ni mazungumzo yanayoongozwa na mwenyekiti, kila upande unapewa muda sawa. Waheshimu, jibu kilichoulizwa, na kama Kiingereza kinakupa shida waambie mapema utakuja na mkalimani. Watu wazima wamepoteza leseni kwa kuitikia "yes, yes" kwa swali ambalo hawakulisikia vizuri. Usilete hadithi kwamba maduka yote ya mtaa yanafanya hivyo. Wanaweza kuamua kutofanya lolote, kubadilisha masharti, kumwondoa msimamizi, kuondoa baadhi ya shughuli, kusimamisha leseni hadi miezi mitatu, au kuifuta. Kwa mali feki, usimamishaji ukiambatana na masharti makali ni matokeo mazuri, na nimewaona watu wakiyalilia kana kwamba wamefiwa. Miezi hiyo unaweza kuuza mkate na vocha.

Ukikata rufaa mahakama ya mahakimu ndani ya siku 21, uamuzi hauanzi kazi mpaka rufaa iishe. Wengine hukata rufaa kwa ajili ya kununua muda tu. Pima vizuri, maana ukishindwa unaweza kuamriwa kulipa gharama za halmashauri, na kwa duka linaloingiza faida ya kujikimu gharama hizo zinaweza kulifunga kabla ya leseni.

Mwisho niseme na wale wanaotaka kununua duka. Ripoti za kamati za leseni zinawekwa kwenye tovuti za halmashauri, picha za stoo na maficho zikiwemo. Kabla hujalipa kilemba, tafuta humo jina la mtaa na namba ya duka. Ukikuta lilishapitiwa, tunza mkataba na miamala ya benki inayoonyesha humjui mwenye duka wa kwanza zaidi ya kununua kwake, kwa sababu utaulizwa. Na siku ya kuhesabu bidhaa, pombe na sigara zisizo na ankara mwambie aondoke nazo, hata akikupa bure.