Aliyeiona meli iliyozama, je, mali ni yake?

Swali: Nimesoma kwamba madini ya fedha ya meli ya Gairsoppa yalitolewa baharini. Hapa Tanga kuna bwana anauza hisa za kutafuta meli ya Mwingereza iliyozama vitani. Anasema meli ikishazama, mali ni ya aliyeiona, naye ana ramani. Je, nichangie?

Jibu: Usichangie. Meli kuzama hakumwondolei mwenyewe haki yake, na huyo bwana angeisoma habari ya Gairsoppa hadi mwisho asingethubutu kuitaja.

Gairsoppa iliundwa Jarrow, Uingereza, mwaka 1919, ikawa mali ya British India, kampuni ambayo meli zake wazee wetu wa Mombasa na Zanzibar walizijua vizuri. Mwishoni mwa 1940 ilitoka Calcutta na chai, chuma ghafi na vipande vya fedha, ikajiunga na msafara wa meli huko Freetown. Dhoruba ilipoifanya ipungukiwe makaa, iliuacha msafara ikielekea Galway, Ayalandi, peke yake, na Februari 1941 nyambizi ya Kijerumani U-101 ikaipiga kwa topido. Alinusurika mmoja tu, ofisa Richard Ayres, baada ya siku 13 mashuani.

Odyssey Marine Exploration, kampuni ya Marekani ya kutafuta meli zilizozama, waliiona mwaka 2011, kwenye kina cha mita 4,700 hivi, wakiwa tayari na mkataba wa serikali ya Uingereza, ambayo ilikwisha kulipa fidia ya bima ya vita na hivyo kuwa mmiliki wa fedha ile. Kampuni ilipata asilimia 80 ya thamani baada ya gharama kutolewa, kwa sababu mkataba uliipa, si kwa sababu iliiona.

Kinachonichosha ni hawa wauza ramani, ambao jana walikuwa na rupia za Mjerumani na leo wana meli ya Mwingereza. Shehena nyingi za vita zilikuwa nafaka, makaa na vyuma, na meli za biashara za Uingereza zilizozamishwa zimeorodheshwa kwa majina na tarehe. Anayekusanya michango aulizwe jina la meli, aliyelipa bima yake, na mkataba wenye sahihi ya mmiliki. Akijibu kwamba hayo ni siri, mpeleke polisi kabla hajafika kwa jirani yako.