Jibu: Moyo kwenda mbio kwenye matatu, dawa au mwanasaikolojia?

Dada, umeuliza umeze dawa ya moyo au umwone mwanasaikolojia, maana ECG (kipimo cha umeme wa moyo) imetoka sawa na bado moyo unakwenda mbio ukipanda matatu ya Thika Road. Mimi ningefanya yote mawili. Kwanza wakupime damu na homoni za tezi ya shingo; upungufu wa damu, au tezi ikizidisha kazi, huleta mapigo hayohayo. Dawa ya moyo kama propranololi hupunguza mapigo na kutetemeka, ila woga wenyewe hubaki, na kama una pumu mwambie daktari kabla hajakuandikia. (Tafadhali usijinunulie tu kwa kemisti!) Mwanasaikolojia atakuzoesha kupanda matatu hatua kwa hatua bila kuogopa dalili. Mathari, hospitali ya afya ya akili Nairobi, wana kliniki, si lazima ulazwe. Lakini kifua kikibana na maumivu yashuke mkononi, au uzimie, kimbilia kasualti papo hapo.