Maswali ya Wasomaji: Skrini Nyeusi Ukiingia Ubuntu kwa Mbali

SWALI: Salaam, wataalamu. Dukani kwangu Ngamiani, Tanga, nina kompyuta ya Ubuntu 22.04 (mfumo endeshi wa Linux) yenye hesabu za stoo. Nikiwa Pangani naingia kwa xrdp (programu ya kuitumia kompyuta kwa mbali) kupitia WireGuard (njia salama ya VPN). Dirisha la jina na neno la siri linakuja vizuri, ila nikishaingia naona weusi mtupu, na mara nyingine dirisha linajifunga lenyewe. Kijana wa dukani ananishauri nifute GNOME, mazingira ya madirisha yanayokuja na Ubuntu, niweke XFCE, mazingira mepesi zaidi. Nimsikilize?
— Msomaji, Ngamiani

JIBU: XFCE weka, GNOME usifute. Lakini kwanza mpigie simu kijana wako atoke kabisa kwenye akaunti yako hapo dukani. Kufunga skrini hakutoshi; atoke. Mtumiaji mmoja akiwa ameshaingia mbele ya mashine, kisha akaingia tena kwa xrdp, GNOME hugongana na nafsi yake, na matokeo ni huo weusi. Kama mashine inaingia yenyewe ikiwashwa, zima hilo kwenye mipangilio ya watumiaji, la sivyo umeme ukikatika na kurudi tatizo litaanza upya. Bora zaidi, fungua akaunti ya pili ya kuingilia kwa mbali tu.

Ukishafanya hivyo na weusi ukabaki, ndipo XFCE inapokuwa dawa. Ubuntu 22.04 kwa kawaida huiendesha GNOME juu ya Wayland (mfumo mpya wa kuonyesha picha kwenye skrini), na xrdp haiingii kwenye kikao hicho. Inaanzisha kikao chake cha Xorg (mfumo wa zamani wa kazi hiyohiyo) pembeni. Humo GNOME bado inataka kuchora kila kitu kwa OpenGL (njia ya kuchora inayotegemea kadi ya picha), na bila kadi ya picha mzigo wote unaangukia prosesa. XFCE inachora bila masharti hayo.

Weka hivi:

sudo apt update
sudo apt install xfce4 xfce4-goodies

Ukiulizwa uchague gdm3 au lightdm (programu zinazoonyesha ukurasa wa kuingilia), bakia na gdm3. Kisha, ukiwa ndani ya akaunti ileile utakayoingilia kwa mbali:

echo "startxfce4" > ~/.xsession
sudo systemctl restart xrdp

Mstari wa echo usiuandike ukiwa root (mtumiaji mkuu wa mashine). Faili litaenda kwenye folda ya root, xrdp haitaliona, nawe utarudi kwenye weusi uleule ukidhani XFCE imekushinda. Kwenye dirisha la xrdp chagua Xorg, si Xvnc. Anayekaa dukani ataendelea kuiona GNOME yake kama kawaida, na hiyo ndiyo sababu ya kutoifuta: ukiifuta vibaya, gdm3 huweza kuondoka nayo, na duka likabaki bila ukurasa wa kuingilia, nawe uko Pangani.

Bado inajifunga? Soma mwisho wa /var/log/xrdp-sesman.log. Ukikuta maneno "exited quickly", ujue XFCE ilianza ikafa palepale. Sababu yake iko kwenye ~/.xsession-errors. Na kama inafanya kazi vizuri ila inakuwa nyeusi ukiiacha dakika kadhaa, mshukiwa ni light-locker, kifunga skrini kinachotegemea lightdm, ambayo wewe huitumii:

sudo apt remove light-locker

SWALI: Mimi XFCE ninayo tayari na inafunguka, lakini nikitumia bando la simu nikiwa Bagamoyo kipanya kinaburuzika na data inaisha haraka. Je, nihamie mazingira mengine tena?
— Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Hapana, usihame. Ondoa picha ya nyuma, weka rangi moja tupu, kisha zima vivuli na uangavu wa madirisha kwa amri hii ndani ya kikao cha mbali:

xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing -s false

Halafu, kwenye programu unayounganishia, shusha rangi kutoka biti 32 hadi 16, na ukubwa wa skrini uwe 1280 kwa 720. Picha zitapoteza uzuri kidogo, lakini kwa kazi za maandishi na hesabu hutajali.

Tahadhari moja: kabla ya kubadili rangi, toka kwenye kikao cha zamani, usifunge dirisha tu. Kwa mipangilio yake ya kawaida xrdp hukitambua kikao chako kwa jina lako pamoja na idadi ya biti za rangi. Ukirudi na biti 16 wakati kile cha 32 bado kiko hai, itakufungulia kikao kipya, na faili ulizoacha wazi hutaziona humo.